Kalenda Yangu ya Juni Ukutani

Jumatatu, 25 Mei

Siku kubwa! Daktari wa meno, bosi wetu, ametangaza kwamba Jumatatu ijayo atamteua mkuu wa mapokezi. Mkuu atakalia kile kiti cha kuzunguka chenye mto. Tuko wawili tu pale mapokezi, mimi na Mama Wino. Yeye ana miaka kumi na saba kazini na daftari la miadi nene kama tofali. Mimi nina kompyuta. Ameshakwisha!

Tatizo dogo. Mama mkwe, anayekaa kwetu, nimeshamwambia kwamba mkuu ni mimi. Tangu mwezi wa pili. Na ana miadi ya kung'oa jino Jumatatu hiyohiyo, saa nne asubuhi. Lazima anikute kitini.

Jumanne, 26 Mei

Nimegundua kitu! Kompyuta ya mapokezi ina programu ya kalenda, na inachapisha mwezi mzima. Kila siku na kisanduku chake, kila mgonjwa na saa yake! Niliruka hadi kiti changu cha mbao kikaanguka. Mama Wino akauliza kama nimeumwa na nyuki. Nikamjibu ni furaha ya kazi. Akaguna, akaendelea kupiga mistari kwa rula.

Alipokwenda kula nikanakili miadi yote ya Juni kutoka kwenye daftari lake. Humohumo nikapanga na mambo yangu binafsi, katika kalenda ya pembeni niliyoipa rangi ya waridi. Mtu makini hupanga kila kitu kwa saa.

Alhamisi, 28 Mei

Nimechapisha! Karatasi ilitoka ikiwa bado na joto. Niliinusa. Nikampelekea daktari mbio. Akaitazama, akauliza kwa upole kwa nini kila siku ina wagonjwa watatu tu na hakuna hata mmoja wa mchana. Nikasema labda mchana ni wa kupumzika. Akasema yeye hajaomba kupumzika.

Kumbe kisanduku kikijaa, programu inawakata waliobaki! Mama Wino alikuwa mlangoni. Akakohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua. Damu ilinichemka.

Ijumaa, 29 Mei

Dawa imepatikana! Kabla ya kuchapisha, programu inakupa vijisanduku vya kutia alama. Kimoja kimeandikwa miadi yote. Kingine, kalenda zote. Nimetia alama vyote viwili, yote ni yote. Zimetoka karatasi nne, nikaziunga kwa selotepu. Hakuna aliyekatwa! Sikukaa kusoma mstari kwa mstari. Kusoma ni kazi ya watu wa madaftari.

Wenzangu walipoondoka nikaibandika chumba cha kusubiria, mbele ya benchi, pale ilipokuwa picha ya jino. Daftari la Mama Wino nimelifungia kabatini, ufunguo uko mfukoni. Kisha nikakijaribu kile kiti. Kinazunguka vizuri sana.

Jumatatu, 1 Juni

Nilikuta benchi tupu. Wagonjwa wote wamesimama mbele ya kalenda! Moyo ulinidunda kwa furaha. Wameipenda! Halafu wakaanza kucheka. Fundi cherehani mmoja, shavu limevimba, alikuwa akiwasomea wenzake kwa sauti.

Nikasogea. Printa yetu haina rangi. Mambo yangu ya waridi yametoka meusi, yamepangwa katikati ya wagonjwa. Leo, saa mbili, kusifia tai ya daktari. Saa mbili na nusu, kumnong'oneza daktari kwamba macho ya Mama Wino yamechoka. Saa nne, jino la mama mkwe, ikiwezekana na ulimi.

Niliruka kuibandua. Selotepu ilishika. Mimi na selotepu tuko hivyo, mama mkwe akaingia. Saa tatu na dakika hamsini! Huwa hachelewi popote. Alisoma kisanduku chake mara mbili, kidole kikifuata mstari. Kisha akamuuliza Mama Wino mkuu wa mapokezi ni nani. Daktari akajibu kutoka mlangoni kwamba ni huyohuyo aliyeulizwa. Akaninyooshea mkono kuomba ufunguo wa kabati. Tai yake ilikuwa nzuri kweli, ila sikuweza kuisifia, maana chumba kizima kilikuwa kikinisubiri niisifie.

Mama Wino akamwita mama mkwe "dada yangu", akamshika mkono, akampeleka ndani yeye mwenyewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumanne, 2 Juni

Mke wangu hasemi nami. Mama mkwe ameapa atasema nami kupitia mke wangu tu. Kwa hiyo nyumba imetulia. Kazini nimechonga penseli za Mama Wino kutwa nzima.

Lakini nimepata mwanga! Mpango haukuwa na kasoro. Kosa lilikuwa kuwataja watu waziwazi. Kalenda ya Julai nimeipanga kwa vifupisho. K kitoke kwa MW, tarehe sita, saa tatu. MM arudi kwake, tarehe kumi, saa nane. Nani ataelewa? Hata mimi baada ya saa moja nilikuwa nimeanza kuchanganya!

Kwa hiyo nimeongeza orodha chini ya karatasi, kila kifupisho na maana yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa mbali. Nimechapisha nakala mbili. Moja nimeibandika mapokezi, moja jikoni nyumbani.