Pingamizi Dhidi ya Amri ya Kurudisha Kilicholetwa na Upepo

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa,
Ofisi iliyo mkabala na bomba la maji (ile iliyobaki na ukuta wa mbele).

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote zilizosalia baada ya dhoruba, nikitumaini kuwa wewe na familia yako mmekwisha kutoa matope sebuleni, na kwamba kitanda chenu kimekubali kurudi chumbani kupitia dirisha lilelile kilikotokea.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Ninaishi kwa shangazi yangu, fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka bucha. Huenda unanikumbuka: ndimi niliyehutubia mkutano wa taka nikiwa nimesimama juu ya ndoo, hadi ndoo ikapasuka. Tasnifu yangu ya kuhitimu, ambayo nitaiwasilisha wiki ijayo, inahusu ugawaji wa mali kwa haki. Kwa hiyo haya ninayoyaandika si porojo za kijiweni. Ni taaluma.

Jumapili alasiri mtaa wetu ulipigwa na dhoruba ambayo hata wazee hawakuwa na ya kuilinganisha nayo. Sikatai kwamba ilikuwa kali. Ilizima umeme, iliezua mapaa, na ilitupeleka sote chini ya meza ya kukatia vitambaa: mimi, shangazi, cherehani yake, na mteja mmoja aliyekuja kupimwa suruali akapimiwa hukohuko chini, akiwa amekunja magoti, jambo ambalo suruali yenyewe italieleza. Tunashukuru kwamba hakuna aliyepoteza uhai.

Lakini tulipotoka nje tuliona ajabu. Mali ya mtaa huu, iliyokuwa imelalia upande mmoja tangu tuzaliwe, ilikuwa imegeuzwa upande wa pili. Aliyekuwa nacho hakuwa nacho. Asiyekuwa nacho alikuwa nacho, tena kimetua juu ya paa lake. Yale ambayo sisi wanaharakati tumeyadai kwa mabango, kwa nyimbo na kwa migomo, upepo uliyatimiza kabla ya chakula cha jioni, bila kikao, bila posho na bila kamati ndogo!

Ndipo Jumanne ukapita na kipaza sauti ukitangaza, nakunukuu: "Ifikapo Ijumaa mchana, kila mtu awe amerudisha cha mwenzake uwanjani! Na asiye na cha mwenzake aje atueleze anakificha wapi!" Ninaipinga amri hiyo kwa hoja zifuatazo.

1. Amri imetolewa kwa kusikiliza upande mmoja. Ulimsikiliza mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yule ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Misumari. Ulimsikiliza muuza nyama. Ulimsikiliza hata mwalimu mstaafu, ambaye hasara yake yote ni kuku mmoja. Upepo haukuitwa. Haukuandikiwa wito, haukupewa nafasi ya kujitetea, haukuulizwa hata ulikuwa na nia gani. Nilipojitolea kuuwakilisha, karani wako aliniambia, "Kaka, niletee barua ya utambulisho kutoka kwa huo upepo." Ndugu Mwenyekiti, wanyonge wote huanza kunyimwa haki kwa namna hiyo hiyo.

2. Sasa nakuja kwa shangazi, ambaye ndiye roho ya pingamizi hili. Kibanda chake cha kushonea, ambacho ndicho kinachotulisha na kunisomesha, hakijawahi kuwa na paa. Kilikuwa na turubai. Mvua ikinyesha, cherehani huvaa beseni, sare za watoto wa shule hupanda juu ya kabati, na shangazi hushona akiwa na mwavuli kwapani. Kwa miaka amemwomba Bwana Misumari amuuzie mabati machache yaliyotumika, naye hujibu, "Fundi, bati si kitambaa, silikati vipande," kisha hucheka peke yake. Jumapili upepo ulilichukua turubai, ukaenda kwenye paa la ghala la Bwana Misumari, ukachagua mabati manne, mazuri, yasiyo na kutu, ukayalaza juu ya kibanda cha shangazi moja likilalia jingine, mkondo wa maji ukielekea uani. Misumari yake ilikuwa bado imo. Shangazi aliongeza nyundo tu. Fundi paa aliyepita njiani alisimama, akayatazama sana, akasema, "Huyu angekuwa mwanafunzi wangu, ningempa cheti." Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Shangazi alingoja. Aliye juu ameshuka, na amekuja na misumari. Je, leo serikali ya mtaa inataka kumpandisha tena?

3. Kuhusu kuku wa mwalimu mstaafu. Naomba ieleweke kwamba kuku huyu hakuletwa. Uzio wao ulipoanguka alikuja kwetu kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na akili timamu, akaingia kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa akakaa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu hakuwa na kamba. Kwa hiyo si mali iliyopotea. Ni mkimbizi, na mkimbizi harudishwi kwa nguvu kule alikokimbia kabla hatujajua alikuwa akitendewa nini. Tangu aje ametaga mayai mawili. Hayo ni wazawa. Hayana pengine pa kurudishwa.

4. Kuhusu vibao. Kama ujuavyo, kibao cha bucha kisemacho NYAMA SAFI, TUNAKATA UNAVYOTAKA kiling'oka na kujibandika juu ya mlango wa zahanati, na kile cha zahanati kisemacho WATOTO CHINI YA MIAKA MITANO BURE kikatua juu ya bucha. Muuguzi analalamika. Mimi nasema tutazame matokeo. Foleni ya zahanati, ambayo ilikuwa ikifika barabarani, imekwisha. Babu mmoja aliyeletwa akiwa ameshikiliwa huku na huku kwa sababu ya goti alisoma kibao, akasoma tena, akageuka na kuondoka bila kushikwa na mtu, na wanaomfahamu wanasema hajawahi kutembea vile tangu apate wajukuu. Na pale bucha, kina mama walijipanga na watoto mgongoni. Muuza nyama alipokataa kuwahudumia, ilibidi nipande juu ya ndoo yake ya mifupa na kumfafanulia mbele ya wateja kanuni ya msingi ya zama mpya, kwamba kilichotua kwako ni chako, na masharti yake ni yako. Umati ulishangilia. Muuza nyama alitoa robo kilo kwa kila mtoto, huku akinitazama kwa jicho ambalo nalitafsiri kuwa ni la mtu anayeanza kuelimika.

5. Asije mtu akadai kwamba natetea tumbo langu. Mimi nami nimepoteza. Upepo ulilichukua kutoka kibandani boksi langu la karatasi chakavu, notisi za mwaka wa kwanza na vipeperushi vya migomo iliyopita. Sikulia. Sikuja ofisini kwako na kitambaa cha machozi. Nilisema, popote lilipotua, liko kwa mwenye kulihitaji zaidi yangu.

6. Hoja ya mwisho inakuhusu wewe, na naiandika kwa unyenyekevu. Koti lako la kahawia, lenye kalamu tatu mfukoni, lilikuwa kwenye kamba ya kuanikia dhoruba ilipoanza. Lilitua juu ya mkokoteni wa muuza maji, naye, kwa sababu alikuwa amelowa, akalivaa. Sasa tazama yaliyofuata. Jumatatu ilizuka vurugu pale bombani. Muuza maji alikohoa tu, watu wakajipanga. Siku iliyofuata mume na mke waliokuwa hawasemezani tangu kabla ya dhoruba walimwona anapita wakamfungulia kesi papo hapo, naye aliwapatanisha huku anajaza madumu. Naambiwa kuna wananchi waliokwisha kumpelekea barua zao za utambulisho, na kwa kuwa hana muhuri, amezigonga kwa kizibo cha dumu, na benki imezipokea. Sisemi kwamba umepinduliwa. Nasema tu kwamba kama mabati ni ya yule yalikotua, na kuku ni wa yule alikokimbilia, basi ni lazima tujiulize kwa ujasiri, kama watu wazima, uenyekiti umetua wapi.

Kwa hoja hizo, naomba yafuatayo: amri ya Jumanne ifutwe, Bwana Misumari aandikiwe barua ya pongezi kwa mchango wake katika ujenzi wa kibanda cha shangazi, upepo upewe kiti katika kamati ya mtaa, kwa kuwa umeingia nyumba nyingi kuliko mjumbe yeyote aliyeko, na kila mwaka iwepo siku moja ambayo wenye ghala wataacha mabati yao bila misumari, ili zoezi liwe endelevu.

Nisipopata jibu kabla ya Ijumaa, nitalazimika kulala juu ya paa la kibanda mbele ya umma, na atakayetaka mabati yale atayabeba pamoja na mimi.

Nifikishie salamu kwa mama watoto wako, kwa karani (mwambie barua ya utambulisho inatafutwa), kwa muuguzi, kwa babu wa goti popote alikofika, na kwa muuza maji, ambaye naomba umwendee kwa adabu.

Wako katika kuijenga jamii yenye haki,

Mtoto wa kaka yake Fundi Cherehani,
Mwaka wa mwisho, Chuo Kikuu.

Tanbihi: Ndugu Mwenyekiti, nimelazimika kuifungua tena bahasha. Tafadhali chukulia kwamba yote yaliyo hapo juu hayakuandikwa, au yaliandikwa na mtu mwingine mwenye mwandiko kama wangu.

Shangazi alinituma bucha kuchukua maini. Nilipofungua kifurushi nyumbani, maini yalikuwa yamefungwa kwa ukurasa wa kwanza wa Sura ya Tatu ya tasnifu yangu, ile iitwayo "Nani Hasa Mwenye Haki ya Kumiliki?" Nilikimbilia chini ya godoro, mahali ninapoweka vitu vya thamani. Hapakuwa na kitu. Shangazi akaniambia kwa upole, "Godoro lako lilikuwa linavujiwa, mwanangu, nikaihamishia kwenye boksi lako kule kibandani. Nilijua karatasi hukaa na karatasi." Nakala nyingine ilikuwa kwenye kompyuta ya mchapaji, ambayo siku ya dhoruba ilikunywa maji mpaka ikashiba.

Nilipofika bucha nikihema, muuza nyama alikuwa anamfungia mteja mbavu katika Sura ya Nne. Nilimwambia hiyo ni mali yangu. Hakuinua hata macho kwenye mizani. "Kilichotua kwangu ni changu, msomi. Si ulinifundisha mwenyewe, hapahapa, juu ya ndoo yangu? Mkuki kwa nguruwe…" Hakumalizia, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri chenji. Kisha akaniuliza, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Hivi marejeleo ndiyo nini? Maana hayo nimeshayamaliza asubuhi, kwenye utumbo."

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naiunga mkono amri yako kwa moyo wangu wote, ila naiona ni ya kizembe. Ijumaa ni mbali mno. Naomba itekelezwe leo, ianzie bucha, kabla wateja wa jioni hawajafika. Upepo ni mwizi, na wanaoutetea ni washirika wake. Kuku mje mumchukue, na wazawa wake. Koti ni lako, kiti ni chako, na sijawahi kuona mwenyekiti anayekaa vizuri kama wewe.

Nilijaribu kuandaa kifungu kidogo cha kati, kwamba vitu vyepesi kuliko kuku virudishwe kwa wenyewe na vizito vibaki vilipotua. Nilimsomea shangazi. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kisha akayatazama mabati yake kutoka chini, akanyanyuka kuchukua nyundo. "Ukitaka karatasi zako zirudi, na haya yarudi. Mabati nitapata mengine siku moja, Mungu akipenda," alisema. "Lakini hilo likitabu lako ukianza kuliandika upya, utanikalia humu miaka mingine miwili."

Sasa hivi yuko juu ya kibanda, anaing'oa misumari ya Bwana Misumari mmoja mmoja na kuinyoosha kabla hajaitia mfukoni, ili isirudi imepinda. Beseni la cherehani ameshaliweka tayari. Kama Ijumaa kutabaki pale uwanjani turubai lolote lisilo na mwenyewe, nakuomba utukumbuke.

Haya ninayaandika huku nimeiegemea ngazi kwa bega. Nimemwambia ashuke, nipande mimi. Amesema nishike ngazi, na nisihutubie.