Kobe wa Mama Eliya na Dera Langu Jipya

Leo mchana nimeaibishwa mbele ya darasa la nne zima, na aliyeniaibisha hana hata jino moja mdomoni. Nimeshaoga mara tatu. Naandika nikiwa uani, maana mume wangu amesema nisiingie ndani kwanza.

Kwa msionijua, mimi ni mtu wa kisiwani Mafia, nimeolewa na muuza vitambaa hapa Kibondo. Katika usichana wangu nilijitolea kwenye kikundi cha kuokoa kasa, wale wanaonaswa na nyavu au kukatwa na injini za boti. Tuliwasafisha vidonda, tukawalisha, wakipona tukawarudisha baharini. Habari hiyo nimewasimulia watu wa hapa miaka mitano sasa. (Sawa, huenda nimeisimulia kupita kiasi.)

Miezi miwili iliyopita jirani yangu Mama Eliya akanijia na ndoo. Ndani yake kobe wa majini, ukubwa wa sahani ya wali. Mama Eliya ana shamba la mpunga bondeni, upande wa Busunzu, na alipokuwa akilima jembe lilimpata yule kobe mgongoni. Gamba limepasuka. Mguu mmoja wa nyuma anauburuza tu.

"Mwakeye, mama Ashura," akanisalimu kwa Kiha. "Wewe si ndiye mtu wa kasa? Huyu nimemuumiza mimi mwenyewe. Akifa sitakuwa na amani."

Nikampokea. Bwana mifugo akanipa dawa ya kidonda. Kila asubuhi nilisafisha ule ufa, nikamkausha, nikampaka dawa, nikamlisha dagaa waliolowekwa. Beseni la kufulia likawa lake. Kuna siku tatu hakula kabisa, nami nikashindwa kula. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, ule mguu ukapiga maji. Nilimwita mume wangu kutoka dukani aje aone. Alikuja, akatazama, akauliza beseni litarudi lini.

Mama Eliya akasema tumrudishe kule kule alikotoka. Mwalimu wa shule ya jirani na shamba lake akasikia, akaomba wanafunzi waje kujifunza, maana watoto wa kule wakiona kobe wanampiga mawe. Nikakubali haraka. Nikavaa dera jipya. (Najua. Kwenda bondeni na dera jipya.)

Tukafika kwenye bwawa lililo kando ya shamba lake. Watoto arobaini na zaidi wamesimama kwa mistari, wananiamkia kwa pamoja. Nikaanza hotuba. Nikawaeleza kuhusu kasa, nikawaeleza kuhusu bahari, nikawaeleza jinsi mnyama anavyomtambua aliyemponya. Kisha nikainama nimtoe kobe kwenye ndoo.

Mama Eliya akanishika mkono. "Mama Ashura, umwage tu taratibu. Hawa wakibanwa wakaogopa wananuka vibaya."

Mimi nikamjibu mbele za watu, tena kwa sauti: "Mama Eliya, mimi nimebeba kasa mzito kuliko wewe. Huyu ananijua."

Nikambeba kifuani. Watoto wakasogea kuona, wakasukumana, mmoja akanigonga kiwiko, nami nikamkumbatia kobe kwa nguvu asianguke.

Jamani. Sijui nieleze vipi. Kuna maji yalitoka kwa yule mnyama yakaingia kwenye dera, yakapita mpaka kwenye ngozi. Chukua samaki aliyeoza, mfunge kwenye soksi ya mtu anayecheza mpira, iache juani wiki nzima. Bado hujafika. Miezi miwili nimemuogesha yule, hakuwahi kunifanyia hivyo hata siku moja. Alikuwa ananitunzia.

Mistari ikavunjika. Watoto wakakimbilia kwenye mpunga. Mwalimu, mtu mzima mwenye tai, alirudi nyuma hatua kumi bila kugeuka. Nikabaki peke yangu na kobe wangu, macho yananitoka machozi, na hotuba ilikuwa haijaisha.

Ndipo msichana mmoja mwembamba akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Mwalimu, anayenuka ni kobe au ni mama?"

Nikamtazama mwalimu, nikisubiri anitetee. Mwalimu akafikiri. Nasema akafikiri! Kisha akasema, "Kwa sasa ni vigumu kujua."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Eliya naye alijifunika uso kwa kitenge, nikaona mabega yanatikisika. Yeye aliyemkata kobe kwa jembe hakuguswa hata na tone.

Nikamweka kobe ukingoni bila hotuba. Akakaa kidogo, akatoa kichwa, akaingia majini. Ule mguu ukapiga, ukapiga tena, sawasawa na mwenzake. Akazama. Hapo wale watoto walionicheka wakapiga makofi, na mwalimu akawaambia atakayempiga kobe mawe atakiona. Nilitaka kulia kwa furaha, lakini kulia kunataka kuvuta pumzi.

Mama Eliya akaja, akanipa kile kitenge chake nijifunge, akanisugua mikono kwa majivu na majani. "Asante, mama Ashura," akasema. "Umeniondolea deni kwa Mungu." Sikuweza hata kumkasirikia vizuri, na nilikuwa na haki ya kukasirika.

Nikarudi mjini. Mume wangu alikuwa mlangoni mwa duka na wateja wawili. Kabla sijatoa salamu akasema, "Mama Ashura, pitia nyuma."

Basi nipo uani. Nimejifunza kwamba ukimponya kiumbe, kaa mbali naye ndipo umshukuru Mungu. Na wewe unayeandika "pole sana" huku unacheka, nakuona.