Nukta Mbovu ya Suruali Yangu

Kalemie, tarehe 9 Agosti 1978

Kwa Sitoyeni Ilunga, fundi wa kushona, nyuma ya gare ya treni

Sitoyeni Fundi,

Kwa heshima na masikitiko natangaza kwamba Jumapili iliyopita, saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi kumi na mmoja, suruali niliyochukua kwako Jumamosi imepasuka katikati ya miguu.

Usiniambie "leta nipige uzi". Nimesoma. Karanga za soko walinifungia katika kurasa za kitabu cha Kifaransa cha jometria. Karanga nilikula, kurasa nikaweka. Kwa hiyo:

1. Mishono minne inakutana pahali pamoja. Kitabu kinasema hiyo ni nukta mbovu: mistari yote inasongamana pale, hakuna anayejua upi unaelekea wapi.

2. Wageni walikuwa watu wa Pepa, waliokuja kumuposa binti yangu Christiane. Niliinama kuwasalimu, suruali ikalia. Mama Pélagie, mama ya kijana, akasema: "Papa, kwetu Pepa baridi ni kali, lakini milango tunafungaka." Christiane amejifungia chumbani. Jumapili hii wanarudi kusema kama bado wanamutaka.

3. Najua dawa yako: uzi juu ya uzi. Huko ni kuongeza fujo palepale.

4. Dawa ya kitabu: ondoa nukta, weka pahali pake mustari muzima, kila mushono ufikie pake. Kwako wewe, ni kipande cha kitambaa cha pembe nne. Miguu na mifuko usiguse. Kitabu kinahakikisha kwamba kwingine kote hakubadiliki.

5. Ikitokea nukta mbovu ingine, rudia. Mujapani mmoja amehakikisha kwamba kurudia huko kuna mwisho. Hakusema kama ni mbele ya Jumapili. Hiyo ni kazi yako.

6. Ukikataa, nitamuandikia Komisera wa Zone aamuru suruali zote za Kalemie zikaguliwe katikati, kuanzia ya kwake.

Salamu kwa Mama Lucie, kwa watoto, na kwa wote wanaongojea nguo zao tangu Pasaka.

Ninabaki, nikiwa nimekaa,

Kiyumba

N.B. Muke wangu Bertille amesoma barua hii, akageuza suruali. Ndani ya kiuno umeandika kwa chaki jina la mwenye nguo, na si langu: "Norbert". Christiane ametoka chumbani kuja kucheka. Yeye njo anakuletea barua. Umupatie suruali yangu. Bado iko kwako.