Gari la Seremala Lapata Mwenyewe

Balozi hakuwahi kutumwa popote na serikali yoyote. Jina hilo alilipata kwa suti yake moja na tabia ya kusimama nje ya ofisi za viza akiwauzia watu maneno. Maneno hayahitaji mtaji. Yakikuishia, unameza mate na kuanza upya.

Siku hiyo alipita gereji kuomba maji ya kunywa, akaliona. Gari refu, jeupe, mlango wa ubavuni wazi, na ndani yake kitanda, jiko, kabati na mapazia. Nyumba nzima juu ya magurudumu. Mjane mmoja, fundi cherehani, alikuwa ndani akishona foronya. Dada yake, nesi mstaafu, alikuwa akifuta vioo.

"Mnahama, mama zangu?"

"Tunasafiri," mjane akasema. "Ng'ambo, nchi baada ya nchi, mpaka tuchoke. Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Kila ubao humu aliupiga randa mwenyewe. Twende wote, alisema. Kifo kikatuwahi."

"Na viza?"

"Hiyo ndiyo inayotutoa jasho."

Balozi akavuta kigoda. Mwindaji akiona nyayo hapigi mluzi.

"Viza ni kama mkwe," akaanza. "Ina masharti. Huko hukai zaidi ya miezi mitatu. Ikiisha unatoka, unakwenda nchi nyingine, unapumua, ndipo unarudi." Hayo yalikuwa kweli; mwongo mzuri hutanguliza ukweli kama mpishi anavyotanguliza mafuta. "Tena gari la mjane haliruhusiwi kuingia. Kadi ya gari lazima iwe na jina la mwanamume aliyewahi kusafiri. Kwa mfano..." Akakohoa. "Sipendi kujitaja."

Nesi akamtazama dada yake. Dada yake akakata uzi kwa meno.

"Kuendesha unajua, Balozi?"

"Tangu tumboni."

"Basi Mungu ndiye aliyekuleta, mwanangu. Maana sisi hata kuwasha hatujui."

Hesabu ya Balozi ilikuwa nyepesi. Ng'ambo magari ya namna hiyo yanagombaniwa. Kadi walikuwa wamekwisha ibadilisha, sasa ina jina lake. Atasubiri kina mama waende sokoni, aliuze, apotee. Dhamiri yake ilijaribu kukohoa, akaipa maji.

Kwenye bandari ya ng'ambo, ofisa wa forodha aliuliza nani mwenye gari. Balozi akatanua kifua. Ofisa akamgongea muhuri mkubwa kwenye pasipoti na kuandika ndani yake namba ya gari. Balozi akaubusu. Ni wezi wachache waliowahi kupewa stakabadhi na serikali kabla hawajaiba.

Kesho yake, kina mama wakiwa sokoni, akalipeleka gari kwa mnunuzi. Yule bwana akalizunguka, akagongagonga mbao, akatabasamu, akaomba pasipoti. Tabasamu likakauka.

"Hili haliuziki, ndugu. Limeingia na wewe, litatoka na wewe. Muhuri wenyewe si huu?"

"Nikilitelekeza?"

"Hutoki nchi hii. Na viza yako ikiisha ungali hapa, watakutafutia pa kulala wao wenyewe."

Balozi hakuamini. Watu wa kazi yake hawaamini neno la mtu. Akaliegesha gari kando ya soko, akapanda basi mpaka mpakani. Ofisa wa mpaka akafungua pasipoti, kisha akachungulia nyuma ya mgongo wa Balozi.

"Gari liko wapi?"

"Linakuja."

"Basi njoo nalo."

Jioni akarudi, suti imejaa vumbi. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja mbele ya gari, wakimenya viazi. Sahani zilikuwa tatu.

"Ulipotelea wapi, mwanangu?" mjane akauliza.

"Nilinyoosha miguu." Akaketi. "Mama, mambo ya huu muhuri... mlijua?"

"Wewe ulitufundisha nusu ya kanuni. Tukaona aibu kutouliza nusu iliyobaki. Binti wa dirishani, kule ofisi ya viza, alitueleza vizuri: mwenye gari haachani na gari. Nikamwambia dada, hakuna dereva mzuri kama asiyeweza kukimbia."

"Na lile sharti la mjane?"

"Mjane anaingia popote," nesi akasema. "Kula, viazi vinapoa."

"Tukirudi nyumbani, je? Kadi ina jina langu."

"Karatasi ya kunirudishia gari ulitia sahihi siku ile ile ya kubadilisha kadi," mjane akasema. "Ulikuwa na haraka, hukutaka kusoma. Sikutaka kukuchelewesha."

Balozi alikula, mjane akamnyunyizia chumvi kidogo. Katika maisha yake alikuwa ameliza watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kumwongezea chumvi.

Asubuhi walifika njia panda. Kulia bahari, kushoto milima. Mjane alikuwa mbele, kiganja chake kimetulia juu ya ubao wa mlango, akiupapasa polepole kama anayetafuta mahali pa kushika. Balozi alitaka kusema neno, na kwa mara ya kwanza akakosa la kuuza.

"Milimani," mjane akasema hatimaye. "Yeye alitaka milima kwanza."

"Haya, mwenye gari," nesi akasema kutoka kitandani, "umesikia. Tia moto."