Kantini Iliyopandisha Maksi za Wamaza

(Hotuba iliyotolewa na Mheshimiwa Aristote, Mratibu Mkuu wa Projeti Tumbo na Akili, kwenye kiwanja cha shule ya msingi upande wa Wamaza, mara tu yeye na msafara wake walipomaliza kula.)

Shefu wa kijiji, Padri, Imamu, Direkta wa shule, Mwalimu Léocadie wa darasa la sita, Mama Hidaya, mwenyekiti wa komite ya wazazi, wababa na wamama, wanafunzi, viongozi wa kesho na kesho kutwa, wakubwa wengine wote, kila mmoja na cheo chake na sifa zake, pamoja na wale ambao cheo chao bado kiko njiani: hamjambo! (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Wachache: Hatujambo.)

Ni kwa furaha isiyo na kipimo, tena furaha ya kitaalamu, kwamba mimi binafsi, kwa pikipiki ya mtu mwingine, nimefika kwenye tereni, hapa hapa uwanjani penu, kuzindua rasmi kantini hii, ambayo, ndani ya mfumo jumuishi wa uwezeshaji wa tumbo la mwanafunzi kwa mtazamo wa matokeo bora, imegeuza sura ya elimu katika sehemu hizi zilizosahauliwa na kila mtu isipokuwa mimi. (Makofi. Ni mwenye pikipiki peke yake.)

Zamani hali ilikuwaje? Saa sita ikifika, mtoto anasikia njaa, anatoroka, anakwenda shambani au kwenye mashimo ya dhahabu, harudi tena. Katika mtihani wa darasa la sita walifaulu asilimia thelathini na moja. Leo? Asilimia themanini na tisa! (Vigelegele. Wamama wanawamwagia poda ya pongezi kichwani watoto waliofaulu. Mheshimiwa anainamisha kichwa chake pia. Poda imeisha.)

Wataalamu wetu walifanya uchunguzi wa kina, wa urefu na wa mapana, wakagundua kwamba mtoto aliyekula anasoma vizuri kuliko mtoto ambaye hajala. (Mama Hidaya: «Mulisoma myaka ngapi juu ya kujua hiyo?») Mingi sana, mama, asante kwa swali zuri.

(Mwalimu Léocadie: «Mheshimiwa, saa nane watoto iko na jaribio la hesabu, na bado hawajakula.») Mwalimu, tulia, chakula kiko katika sehemu ya tatu ya hotuba. Nawaahidi jiko linalopika bila kuni, mpishi mwenye diploma, na sahani zenye picha yangu ndani, upande wa chini, ili mtoto aione akimaliza. Modeli hii tutaipeleka Lusangi, tutaipeleka Nyangwe, tutaivusha mto Lualaba mpaka samaki nao wapate maksi! (Kicheko kikubwa. Mheshimiwa anadhani ni sifa.)

(Mama Hidaya: «Na hizi sufuria za leo ni za nani?») Mama, hilo ni swali la kiufundi.

Tumbo la mwanafunzi! (Watoto: «Iko tupu!») Akili ya mwanafunzi! («Iko na njaa!») Safi kabisa, moyo huo huo!

Kwa kumaliza, nawashukuru wamama ambao mwaka mzima, bila kungoja projeti ianze, na kusema kweli haijaanza, walileta kila mmoja mchele wake na maharagi yake, wakapika kwa zamu ili watoto wasitoroke. Kazi nzuri sana, tumeiandika kama yetu. Nashukuru pia kwa mapokezi. Wali ule tuliokula sasa hivi, kumbe, Direkta ananinong'oneza, ndio ulikuwa kantini yenyewe. Yote. Ilikuwa tamu.

(Wamama wanatazamana, kisha wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mmoja anakwenda nyumbani kuleta mchele mwingine, wengine wanamfuata. Mwalimu Léocadie anasogeza jaribio mpaka watoto wale. Mama Hidaya anakaza kitenge, anamkaribia Mheshimiwa: «Baba, chakula ya watoto umeisha kukula. Kuni iko kule nyuma ya darasa. Beba.»

Akabeba. Mwenye pikipiki anasema alibeba vizuri.)