Saa ya Kozi Yako Ni Mbovu, Mwalimu

Kwako Mwalimu wa Kozi ya Kuuza Mtandaoni,

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni fundi saa, mwenye meza chini ya ngazi za jengo la maduka, mkabala na wauza makava ya simu. Nakuandikia kwa heshima zote kabla sijaamua kama nilipie kozi yako ya kuuza bidhaa za watu kwa kamisheni. Ada yako inalingana sawasawa na kodi ya meza yangu ya miezi mitatu, ambayo mwenye jengo anaitaka Ijumaa. Nikikulipa wewe, meza imekwenda. Nikimlipa yeye, utajiri umekwenda. Kinachonikwaza ni haya:

1. Ile saa nyekundu kwenye ukurasa wako, inayohesabu kurudi nyuma hadi ofa ifungwe, ni mbovu. Nimeifuatilia siku kumi na moja. Ikifika sifuri inaruka, inaanza tena saa ishirini na nne. Kwa miaka ishirini na sita ya ufundi sijaona ugonjwa huu. Saa huchelewa, hukimbia, hufa. Hii yako inafufuka kila siku saa tatu asubuhi. Niko tayari kuitengeneza bure, ilete tu.

2. Umeandika zimebaki nafasi tatu. Wiki iliyopita zilikuwa tatu, na leo ni tatu. Ama watu hawaitaki kozi yako, ama kuhesabu kunakupiga chenga, na yote mawili yanamhusu mtu anayetaka kufundishwa biashara nawe.

3. Yule bwana wa kwenye video anasema anaingiza pesa akiwa amelala. Nikajaribu. Jumanne mchana nililala mezani robo saa, nikaamka nimepungukiwa bisibisi moja na mteja mmoja.

4. Kila alfajiri unaniandikia "Rafiki yangu mpendwa". Ndugu zangu wa tumbo moja hawajapata kuniita hivyo. Mke wangu ameanza kuuliza kama huyu rafiki ni mwanamume au mwanamke, nami sina jibu, maana kwenye picha yako lipo gari tu. Jana hukuandika. Nasema kweli, nilisononeka.

5. Hili ndilo kubwa. Unasema anayekuletea mwanafunzi hupewa nusu ya ada. Basi, katika kulalamikia saa yako kwa kila aliyepita mezani, nimekuta watu wawili wameingia kuitazama na wamejiunga. Nusu mbili ni ada nzima. Kwa hesabu yako mwenyewe nimeshalipa bila kutoa hata senti, na kwa kuwa nimeuza kabla ya kufundishwa, nimeshahitimu pia. Naomba cheti changu, kiwe na fremu.

Kwa hiyo nimeamua: silipi, na meza yangu sihami. Nimekuwa chini ya ngazi hizi tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa, na roho yangu iko hapo.

Wasalimie wote wa ofisini kwako, hasa huyo aliyekabidhiwa saa. Mke wangu anakusalimu, kwa tahadhari. Wauza makava nao wanakusalimu, wanauliza kama gari linauzwa.

Ni mimi, nisiyeyumba,
Fundi Saa wa Chini ya Ngazi

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha, nikaitupia jicho saa yako. Zimebaki dakika mbili. Nikajiambia, fundi mzima wewe, tulia, itarudi. Zilipobaki sekunde arobaini nikajiuliza: je, kama leo imepona? Nikalipa. Ndiyo, Mwalimu, ile ya kodi, yote. Sasa hivi imerudi ishirini na nne. Nimeshampigia shemeji yangu, fundi viatu, nikamwambia awahi kabla ofa haijafungwa.