Umeneja na Maksai wa Mayunga

Jumatatu, 16 Juni

Meneja wa mashine ya kukoboa mpunga ya kikundi chetu, hapa Viwanja Sitini, amehamia Mbingu kulima. Kiti kiko wazi. Ni changu. Nimepima mpunga wa watu pale miaka sita, nani mwingine? Nimempigia simu mama mkwe, Bibi Yosefina, kule Mlimba, nikamwamkia, nikamwambia mkwewe sasa ni meneja. Amefurahi mno. Anakuja Ijumaa kukiona kiti kwa macho yake. Hilo sikulipanga.

Mama Odilia, mwenyekiti wetu, anasema kuna mwombaji mwingine: Mayunga, yule Msukuma anayefundisha maksai kulima. Nimecheka hadi nikakohoa. Mtu anayeshinda akizungumza na ng'ombe!

Jumanne, 17 Juni

Nimeazima kamusi nene ya Kiingereza kwa Mwalimu Justa. Mtu wa fimbo hushindwa kwa elimu. Nimetafuta neno meneja. Kumbe limetoka Italia, kwenye neno la mkono, na zamani lilihusu kumshika farasi na kumfundisha atii. Baadaye likahamia kwa kila kinachohitaji kuendeshwa, mwisho likaingia ofisini na kukalia kiti. Alhamisi kamati ya kikundi ikitusikiliza waombaji, itazimia. Nani Ifakara anajua haya?

Mke wangu Agnella ameuliza farasi anahusiana nini na mpunga. Nimemwambia asubiri Alhamisi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimehutubia kamati dakika arobaini. Italia nimeitaja mara tisa. Wazee wawili walisinzia, kwa heshima. Nikafunga kwa kusema meneja wa kweli ni yule anayefuata maana ya neno tangu shina lake.

Mama Odilia alinishukuru, kisha akauliza mimi nimewahi kufundisha mnyama gani. Mayunga alikuwa ameketi nyuma, akiitikia kwa kichwa taratibu kama mwanafunzi mzuri. Nikajikuta nasema ng'ombe kwangu ni kazi ndogo. Mama Odilia akasema vyema, nije Jumamosi niwaonyeshe. Mdomo huu utaniponza.

Ijumaa, 20 Juni

Mama mkwe amefika, kavaa kitenge kipya. Ameomba kuona ofisi. Nimemwambia inapakwa rangi.

Jioni nimekwenda kwa Mayunga kuazima maksai mmoja. Hakuuliza kitu. Alinionya tu kwamba huyu, Sajenti, hapendi kuvutwa kamba, anataka kuitwa jina kwa upole. Nimemjibu kwamba mambo haya nimeyasoma.

Jumamosi, 21 Juni

Watu walijaa uwanja wa mashine. Mama mkwe kiti cha mbele. Kila mahali maturubai, mpunga wa watu umeanikwa juani. Hapo sikufikiri.

Nikavuta kamba. Sajenti akanitazama, halafu akanivuta yeye. Turubai la kwanza tulilivuka nikiwa wima, la pili nikiburutwa kwa tumbo. La tatu lilikuwa la Mama Odilia mwenyewe. Hapo Sajenti alisimama, akaanza kula. Nilivuta, nilisukuma, nilimsemesha Kiingereza.

Mayunga aliinuka, akamwita jina mara moja, kwa sauti ya chini. Sajenti akamfuata hadi nje bila kamba. Mama Odilia akasema kamati ilielewa vizuri sana hotuba ya Alhamisi, na kwa maelezo yangu mwenyewe meneja ni Mayunga. Makofi. Mama mkwe naye alipiga. Mchana kutwa nimeokota mavi ya ng'ombe kwenye mpunga wa watu.

Jumapili, 22 Juni

Mama mkwe amemwalika Mayunga chakula nyumbani kwangu. Meneja kapewa paja la kuku. Mimi shingo.

Jumatatu, 23 Juni

Kosa langu nimeligundua: nilichagua neno baya. Kikundi kinatafuta pia sekretari, na kamusi bado sijairudisha. Zamani sekretari alikuwa mtu wa kutunza siri. Hapo hakuna ng'ombe. Tena safari hii sisubiri kuulizwa ushahidi. Asubuhi yote nimewazungukia akina mama wanaopeta mchele pale mashineni, nikamweleza kila mmoja siri nne za Mama Odilia nilizozitunza tangu mwaka jana, ili siku ya kikao wasimame wanishuhudie.